Mazoea Yasiyohama na Mwenyewe: Funzo la Ufuo wa Mweru

Desemba 1 kila mwaka Zambia hufunga uvuvi katika maziwa na mito yake mingi, Ziwa Mweru likiwamo, ili samaki wapate kuzaliana. Marufuku hudumu hadi mwisho wa Februari. Katika Wilaya ya Nchelenge, mkoani Luapula, baadhi ya familia hutumia miezi hiyo ya mvua kuhamia bara, kwenye mashamba ya mihogo, ambako wana nyumba ya pili. Uvuvi ukifunguliwa hurudi ziwani.

Kuhama huko kunagusa swali linalomsumbua kila anayetaka kujirekebisha: kwa nini jambo jema ulilolizoea miezi sita linakatika ghafla, nawe bado unalitaka?

Huko Nchelenge swali hilo ni la uhai. Malaria husambaa mwaka mzima. Mmoja wa mbu wanaoieneza ni Anopheles funestus, ambaye hutaga mayai kwenye maji ya kudumu yenye majani, kwa hiyo hangoji mvua. Huuma zaidi usiku wa manane hadi alfajiri, mara nyingi ndani ya nyumba, wakati watu wamelala fofofo. Ndiyo maana chandarua chenye dawa kina maana kubwa. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa mzigo wa malaria wilayani humo ulibaki mkubwa hata baada ya vyandarua na unyunyiziaji wa dawa majumbani kuongezwa. Sababu ni kadhaa, na ni kosa kuwatupia lawama zote wananchi. Mbu wa huko wamejenga usugu dhidi ya baadhi ya viuatilifu, na hilo halirekebishwi na nidhamu ya mtu kitandani kwake. Lakini kulala ndani ya chandarua kila usiku, bila kuruka, ni suala la mazoea, na mazoea yana sayansi yake.

Mwanasaikolojia Phillippa Lally na wenzake wa chuo cha University College London, UCL, waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12. Kila mmoja alichagua jambo dogo, kama kunywa maji au kula tunda, akalifungamanisha na tukio la kila siku, kwa mfano baada ya kifungua kinywa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010: mtu wa katikati alihitaji siku 66 hadi jambo lile lijiendee lenyewe bila kufikiriwa. Wepesi walichukua siku 18, na wazito walikadiriwa kuhitaji siku 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kazi. Hili la mwisho lisemwe kwa sauti, kwa sababu wengi wetu tukikosa siku moja tunajihukumu kuwa tumeshindwa na kuacha kabisa.

Kinachojengeka katika siku hizo ni kifungo kati ya mahali, tukio na tendo. Ubongo ukishakizoea, tendo huamshwa na mahali penyewe, na nia hupumzika. Mwaka 2005 Wendy Wood na wenzake waliwachunguza wanafunzi wa Marekani waliohamia chuo kingine. Mazoea yao ya kufanya mazoezi ya mwili, kusoma gazeti na kutazama televisheni yalidumu pale mazingira mapya yalipofanana na ya zamani. Yalipotofautiana, mazoea yalivunjika, na tendo likarudi mikononi mwa nia, ambayo kila siku hulazimika kuanza upya.

Sasa rudi Nchelenge. Nyumbani ufukweni chandarua kimening'inia juu ya kitanda, na mkono unakishusha bila kuulizwa. Kule shambani huenda hakuna msumari wala kamba, na mwili umechoka kwa jembe. Mtu huyo hakupoteza akili yake njiani. Amepoteza vitu vilivyokuwa vikimkumbusha. Kumhubiria umuhimu wa chandarua ni kumfundisha analolijua tayari.

Dawa ya hapo ni kupanga kabla. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia Mjerumani, alieleza mwaka 1999 nguvu ya mpango wa sampuli ya "likitokea hili, nitafanya lile". Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 na kuona kuwa watu waliopanga hivyo walitimiza malengo yao kwa kiasi kikubwa zaidi kuliko walioishia kwenye nia tu. Kwa familia inayohama, mpango ungekuwa: "Tukishatua mizigo shambani, kabla ya kuwasha moto, tunatundika chandarua." Ni sentensi moja, lakini ina mahali, tukio na tendo.

Kwa asiye na saa maalumu za kazi, tukio linaweza kufaa kuliko saa. Mvuvi anayetoka usiku na taa kutafuta samaki wadogo hana saa nne ya kulala kama mwalimu au karani. Alicho nacho ni kushusha samaki, kuosha mtumbwi, kuuza. Mazoea yakifungwa kwenye matukio hayo yanaweza kumfuata hata kwenye kambi ya mbali. Hali ni hiyohiyo kwa muuguzi wa zamu, mlinzi na dereva: kwa dereva, kuandika mapato baada ya kumshusha abiria au mzigo wa mwisho kunaweza kushika upesi kuliko kuandika "kila jioni".

Kuhama kuna upande wake mwema pia. Katika mji wa Peterborough, Uingereza, Bas Verplanken na Deborah Roy walijaribu kuhamasisha kaya 800 kubadili mwenendo wa maisha ili kutunza mazingira. Nusu ya kaya hizo zilikuwa zimehama karibuni, na hizo ndizo zilizobadilika zaidi, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo baada ya kuhama. Miezi mitatu ndiyo urefu wa marufuku ya uvuvi. Aliyeanza kazi mpya, aliyehamia nyumba nyingine au aliyerudi kutoka likizo ya uzazi huenda naye ana dirisha kama hilo la kubadilika, nalo hufungwa mapema.

Kwa wanaogawa vyandarua kandokando ya Mweru, nina ombi moja. Shirika la Afya Duniani hupendekeza chandarua kimoja kwa kila watu wawili wakati wa kampeni za ugawaji. Hesabu hiyo ni ya vichwa. Hesabuni na nyumba za shambani, na zigawiwe vyandarua, kamba na misumari kabla ya Desemba 1.