Benki Kuu na Thamani ya Shilingi

Benki Kuu ya Tanzania ilipofunguliwa mwezi Juni 1966, chini ya Gavana wake wa kwanza, Edwin Mtei, ilichukua nafasi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, chombo cha kikoloni kilichoundwa mwaka 1919 na kuendeshwa kwa miaka mingi kutoka London, ambacho kilitoa shilingi kwa kutegemea zaidi akiba yake ya pauni za Uingereza, na kwa hiyo hakikuweza kuongeza au kupunguza fedha kulingana na hali ya uchumi wa nchi zilizoitumia. Uwezo huo, ambao ndio msingi wa sera ya fedha, ulikuwa sehemu ya uhuru wenyewe, lakini ulikuja na hatari yake, kwa kuwa mwenye mamlaka ya kutoa noti huelekewa na kila mwenye upungufu.

Hatari hiyo ilidhihirika baada ya sheria kurekebishwa mwaka 1978 na Benki Kuu kutwishwa majukumu ya kugharimia maendeleo, wakati ambapo mashirika ya umma yalizidi kulimbikiza madeni na Serikali, iliyogharimika katika vita dhidi ya Idi Amin, iliziba nakisi ya bajeti kwa kukopa kutoka Benki Kuu hiyo hiyo. Mfumuko wa bei, yaani kupanda kwa jumla kwa bei za bidhaa na huduma, ulivuka asilimia 30 katika baadhi ya miaka ya 1980, na walioumia zaidi ni wale ambao kipato chao hakikuweza kuzifuata bei: wastaafu, watumishi wa ngazi za chini na wakulima waliocheleweshewa malipo ya mazao. Hiyo ilikuwa kodi ambayo Bunge halikuipitisha.

Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 1995 ilifanya utulivu wa bei kuwa lengo kuu, na kufikia mwisho wa muongo huo mfumuko ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 10.

Tangu Januari 2024 chombo kikuu cha kutimiza lengo hilo ni Riba ya Benki Kuu, iliyoanza kwa asilimia 5.5 na kupanda hadi 6 mwezi Aprili mwaka huo, ambayo huongoza riba ya mikopo ya muda mfupi baina ya mabenki, na kupitia hapo gharama ya mikopo kwa wateja. Hata hivyo, Watanzania wengi hukopa kwenye vikoba au kwa jirani mwenye duka, ambako riba hiyo hufika kwa kuchelewa au haifiki kabisa, na mvua zikikosekana, bei ya unga hupanda hata kama Benki Kuu imetimiza wajibu wake wote.