Sura ya Sita: Sabufa ya Kibarazani na Sabufa ya Sebuleni

Wapenzi wa muziki wa Ulaya wana maonesho yao. Kuanzia 2004 hadi 2025 maonesho ya High End yalifanyika Munich, Ujerumani, ambako mgeni huingia katika chumba kilichofungwa, akaketi na kusikiliza jozi moja ya spika kwa utulivu. Kwetu, anayefika Dar es Salaam mwezi Julai huona vyombo vya muziki Sabasaba, katika viwanja vyenye jina la Mwalimu J.K. Nyerere, mwana wa Butiama. Lakini mkazi wa wilaya za Tarime na Serengeti hahitaji nauli ya huko. Maonesho yake yako kwenye vibaraza vya maduka ya vyombo vya umeme: Tarime mjini, Sirari mpakani na Kenya, na Mugumu. Kinachotakiwa ni kujua kuyatembelea.

Besi ya nje na besi ya ndani

Dukani sabufa hupangwa mlangoni zikitazama barabara. Taa zinacheza, flashi imechomekwa, singeli inalia, na kitufe cha besi kimezungushwa hadi mwisho. Muuzaji ana sababu. Pale nje hakuna kuta za kuirudisha sauti, hivyo besi hutawanyika na kupotea mapema. Asipoipandisha, mpita njia hatageuka.

Nyumbani hesabu hubadilika. Sauti husafiri kiasi cha mita 343 kwa sekunde. Mlio wa hezi 49, yaani mitetemo 49 kwa sekunde, una wimbi la mita 7. Sebule yenye urefu wa mita 3.5 ni nusu kamili ya wimbi hilo. Mlio huo ukipigwa humo, wimbi linalokwenda na linalorudi huungana: ukutani besi inanguruma, katikati ya chumba karibu inatoweka. Vioo vinatetemeka na bati linaitikia. Mwenye nyumba hudhani ameuziwa mashine mbovu, kumbe ni chumba chake kinachoongeza mlio mmoja na kuacha mingine.

Sikio la binadamu husikia kuanzia hezi 20 hadi 20,000. Tembo wa Serengeti huzungumza hata chini ya hapo. Mtafiti Katy Payne alianza kuling'amua jambo hilo mwaka 1984 akiwa na tembo wa bustani ya wanyama ya Portland, Marekani. Sabufa ndogo nyingi za dukani huishiwa nguvu kabla hata ya kufika hezi 40. Mtikisiko unaoupenda pale kibarazani mara nyingi ni besi ya kati iliyokuzwa tu.

Wati za kwenye boksi

“Mzee, hii inapiga wati elfu kumi,” kijana wa duka atakwambia, na boksi litamuunga mkono. Tafuta herufi zinazofuata tarakimu hiyo. Zikiwa PMPO, hiyo ni hesabu ya mlipuko wa kufumba na kufumbua, na hakuna kanuni moja ya kuipima. Zikiwa RMS, ni nguvu ambayo mashine huitoa mfululizo.

Kisha geuza mashine uitazame mgongoni. Kuna kibandiko kinachoonesha volti na wati inazokula. Ikiwa inakula wati 60 kutoka ukutani, haiwezi kutoa elfu kumi mfululizo. Tena usibabaike na wati: kuziongeza mara mbili hupandisha sauti kwa desibeli 3 tu. Ili sikio lihisi sauti imekuwa maradufu, zinahitajika kama mara 10.

Jaribu kwa sauti ya mtu

Nenda na flashi yako. Weka kwanza taarifa ya habari au mahubiri. Maneno ya mtu yanaeleweka hasa kati ya hezi 300 na 3,400, eneo ambalo simu za kawaida ziliwekewa. Mwambie muuzaji arudishe besi katikati, ingia ndani ya duka, kisha sikiliza: je, herufi “s” inakwaruza? Je, msemaji anaongea kama yuko ndani ya pipa?

Halafu weka litungu la Wakurya. Nyuzi zake nane na tumbo kubwa la mbao lililowambwa ngozi hutoa mlio mzito wenye mikwaruzo yake. Kwenye mashine nzuri utausikia kila uzi ukidonolewa. Kwenye mbovu nyuzi za chini zitageuka mngurumo mmoja.

Spika tatu au sita?

Namba 2.1 maana yake ni spika mbili na sabufa moja, 5.1 ni spika tano na sabufa. Katika 5.1 spika ya katikati hubeba mazungumzo ya filamu, na mbili za nyuma hubeba mvua, risasi na vishindo. Lakini mpangilio huo una faida pale tu filamu iliporekodiwa hivyo. Filamu zilizotafsiriwa, za aina iliyompa jina mtafsiri Lufufu, kwa kawaida huwa na sauti ya mtafsiri iliyopachikwa juu ya kila kitu. Huko spika za nyuma hazina kazi, na besi iliyozidi humfunika mtafsiri mwenyewe.

Kwa familia inayotazama filamu hizo, mpira na habari, 2.1 nzuri inaishinda 5.1 ya bei ile ile. Fedha haikugawanywa kwa spika sita.

Ukifika nyumbani, usiiweke sabufa kwenye kona, maana kona huzidisha besi. Isogeze kidogo kidogo hadi mngurumo upungue. Spika mbili zikae usawa wa masikio. Na kumbuka kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80. Nunua kwa sikio lako, washa kwa kiasi, na jirani naye apate usingizi.