Rafiki ya huyu, adui ya yule: namna ya kuchunga jina katika muchezo wa vita vya anga

Tarehe 6 Mei 2003, majeshi ya Uganda yalimaliza kutoka Bunia. Muji ulibaki na askari wachache wa MONUC, na makundi yakaanza kuupigania, mupaka UPC ikaushika tarehe 12. Siku ileile ya tarehe 6 Mei, mbali sana na hapa, kampuni moja ya Iceland inayoitwa CCP ilitoa muchezo wa video: EVE Online. Hakuna mutu aliyepanga tarehe hizo mbili zikutane. Lakini kijana wa Bunia akiukalia muchezo huo leo, kuna jambo moja atakaloelewa haraka: kati ya wakubwa wanaopigana, jina lako njo usalama wako.

Katika muchezo unapewa chombo cha anga. Unachimba madini, unabeba mizigo, unafanya biashara ao unapigana. Karibu wachezaji wote wanakutana katika ulimwengu mumoja. China tu iko na wake. Kuna serikali nne kubwa: Amarr, Caldari, Gallente na Minmatar. Amarr na Caldari wanasaidiana. Gallente na Minmatar vilevile, upande wa pili.

Daftari la jina

Kila serikali iko na daftari juu yako. Hesabu inaanzia -10, adui kabisa, inafika +10, rafiki wa kweli. Mugeni anaanza karibu na zero. Ukishuka mupaka -5 ao chini yake, jeshi la serikali ile linakupiga wakati unaingia tu katika fasi zake zenye ulinzi. Haliulizi unabeba nini, wala kama leo umekuja kwa amani.

Sasa mutu anashuka namna gani? Wengi wanafikiri ni kwa kupiga risasi. Hapana, mara mingi ni kwa kufanya kazi. Maajenti wa serikali na makampuni wanakupa kazi, na ukimaliza kazi 16 za kiwango kimoja, unaletewa kazi ya pekee. Hiyo njo inagusa jina lako kwa serikali yenyewe. Ukiifanya kwa ajili ya Caldari, Caldari inakupenda, na Amarr, rafiki yake, inakupenda kidogo. Gallente na Minmatar wanakuandika upande mubaya. Hukuwapiga hata risasi moja; umekula tu kwenye meza ya adui yao.

Kuna pia kazi ambazo zinakutuma moja kwa moja kuvunja vyombo vya serikali ingine. Pale hesabu inaanguka mbio. Ndiyo maana wachezaji wazee wanasoma jina la adui kwanza, mushahara nyuma. Muchezo unaruhusu kukataa kazi moja ya ajenti mumoja kila masaa 4 bila kuhesabiwa kosa, na wao wanaitumia ruhusa hiyo bila haya. Pesa ya leo inaweza kukufungia njia kwa miezi mingi.

Kutengeneza kilichoharibika

Jina likiharibika, kuna dawa, lakini ya pole pole. Muchezaji anaweza kujifunza ufundi unaoitwa Diplomacy, ambao unapunguza uzito wa hesabu mbaya. Anaweza pia kwenda kwa Sisters of EVE, shirika la msaada ndani ya muchezo. Wao wana mulolongo murefu wa kazi, na mwisho wake unachagua serikali moja kati ya zile nne ikuongezee jina. Unaweza kurudia kila miezi 3. Kuharibu kunachukua jioni moja. Kutengeneza kunaomba uvumilivu.

Kati ya wachezaji wenyewe, mashine haichungi daftari. Miungano ya maelfu ya watu inategemea neno la mutu, na iko na mabalozi wake. Mumoja aliyejulikana sana ni Sean Smith, Mumarekani aliyeitwa Vile Rat katika muchezo. Katika maisha ya kweli alifanya kazi kwa wizara ya mambo ya inje ya Marekani. Aliuawa Benghazi, Libya, katika shambulio la tarehe 11 Septemba 2012. Wachezaji walibadilisha majina ya vituo vingi vya anga ili kumukumbuka.

Hapa kwetu

Ituri ilijua hesabu ya namna hii bila kompyuta. Agosti 2002 UPC ilishika Bunia kwa musaada wa jeshi la Uganda. Tarehe 6 Machi 2003 jeshi lilelile likaifukuza. Katikati ya mambo hayo, watu waliotoka ndani ya UPC waliunda makundi mengine, PUSIC na FAPC. Aliyekuwa rafiki ya mukubwa wa Januari angeweza kujikuta adui ya mukubwa wa Machi. Hata makampuni makubwa yaliingia katika hesabu hiyo: mwaka 2005 AngloGold Ashanti ilikubali kwamba pesa zake zililipwa kwa FNI kule Mongbwalu, ikisema ilifanya hivyo kwa kulazimishwa.

Lakini tofauti ni kubwa. Muchezo unaandika kile ulichofanya. Katika vita vya Ituri, watu wengi waliandikwa mbele hawajafanya kitu, juu ya kabila, juu ya jina, juu ya lugha ya mama. Hakuna kazi 16 za kubadilisha hiyo. Tena katika EVE, ukiuawa unaamka katika mwili mupya. Wa Bogoro waliouawa tarehe 24 Februari 2003 hawakuamka. Na daftari la kweli lilifika La Haye: Thomas Lubanga alihukumiwa mwaka 2012 miaka 14 juu ya kuingiza watoto katika jeshi, Germain Katanga, mwaka 2014, miaka 12 juu ya Bogoro.

Tangu tarehe 6 Mei 2021 Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Motari na muchuuzi wa njia ya Mahagi ao ya Komanda wanaendelea kujiuliza nani amesimama kwenye barieri. Kwa hiyo kijana anayeombwa abebe muzigo, barua ao habari ya kundi fulani, kwa franga "kidogo tu", aulize swali la muchezaji muzee: nani ananiandika leo, na nani atasoma kesho? Kukataa kunaruhusiwa. Katika muchezo, mwenye kukosea atajaribu tena nyuma ya miezi 3. Barabarani, mara mingi ni jamaa yake njo wanalipa pamoja naye.