Mtaro Huzibuliwa Jua Likiwaka

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Lakini kwetu sisi tunaoishi kati ya Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, mawingu ni jambo la kila siku, na mazoea yana taabu. Mvua kubwa hutukuta hatujajiandaa, kisha tunaanza kupaaza sauti: "Watu wa kanjo wako wapi?" Swali hilo nimeliuliza mimi mwenyewe, tena kwa hasira. Katika makala haya nitaeleza maji ya mvua mjini hutoka wapi na huenda wapi, ni kazi ya nani kuyapitisha, na kazi hiyo hufanywa lini.

Gunia lenye herufi nyekundu

Mwaka 2024 muhula wa pili ulikuwa uanze tarehe 29 Aprili. Kwa sababu ya mafuriko nchini, serikali iliahirisha ufunguzi hadi tarehe 6 Mei, ikauahirisha tena, na hatimaye shule zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Wiki hizo mbili nilikuwa nikimsaidia mama kuuza nafaka katika soko moja dogo la huku mlimani. Usiku mmoja mvua ilinyesha kana kwamba mbingu zimetobolewa. Asubuhi tulikuta maji ndani ya kibanda yakifika magotini. Magunia mawili ya maharagwe yaliyokuwa chini yalikuwa yamelowa chepechepe. Mama hakusema neno. Maharagwe yale ndiyo yaliyokuwa karo yangu.

Mimi nilisema, tena sana. Niliwalaumu wote niliowajua na nisiowajua. Mzee mmoja anayefagia soko alinisikiliza akiwa ameegemea jembe, kisha akanipa sepeto. "Kijana, shika hii," akasema. "Mdomo hauzibui mtaro."

Tulichimba kwa muda wa saa nzima. Yalitoka magunzi ya mahindi, majani ya kabeji, chupa za plastiki, kiatu kimoja na tope lisilo na mwisho. Mdomoni mwa kalvati palikuwa na gunia limejaa takataka, limekwama kama kizibo cha chupa. Gunia hilo lilikuwa na herufi mbili nyekundu, herufi za jina la mama. Ni mimi niliyelitupa pale katika likizo fupi ya mwisho wa Februari, siku ya jua kali, kwa kuwa niliona jalala liko mbali. Mtaro ulikuwa mkavu, na sikudhani kwamba ungekuwa na kazi. Gunia lilipong'oka, maji yalianza kuondoka, na kabla mama hajamaliza kuanika maharagwe juu ya mabati kibanda kilikuwa kitupu.

Mvua ya mlimani

Tuanze na mbinguni. Kenya ina misimu miwili ya mvua: masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Disemba. Wazee wetu wa Nyeri huita masika mvua ya njahi na vuli mvua ya mwere, yaani uwele, kwa kufuata mimea iliyopandwa nyakati hizo. Upepo kutoka Bahari ya Hindi huja umebeba mvuke. Ukifika kwenye Mlima Kenya, wenye urefu wa mita 5,199, hauna pa kupita ila juu. Kadiri hewa inavyopanda ndivyo inavyopoa, na mvuke hugeuka mawingu, mawingu yakawa mvua. Ndiyo sababu Embu, Chuka na Kerugoya, zilizo upande wa kusini na mashariki ya mlima, hupata mvua nyingi kuliko Nanyuki na Naro Moru zilizo upande wa pili. Nyeri nayo imekaa kati ya mlima huo na Nyandarua, kwa hiyo haikosi fungu lake.

Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa onyo inapotarajia mvua ya zaidi ya milimita 20 kwa saa 24. Mtu akisikia milimita 20 huenda akacheka, kwa kuwa huo ni upana wa kidole tu. Basi na tufanye hesabu kidogo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili ya maji. Chukua paa la soko lenye urefu wa mita 30 na upana wa mita 20. Mvua ya milimita 40 ikinyesha juu yake, paa hilo pekee litamwaga lita 24,000, yaani mapipa 120 ya lita 200. Eneo la mji la hekta moja litapokea lita 400,000.

Shambani, udongo wetu mwekundu hunywa sehemu kubwa ya maji hayo. Mjini ni kinyume. Mabati hayanywi, lami hainywi, saruji hainywi. Isitoshe, miji yetu imejengwa kwenye miteremko, kwa hiyo maji hushuka mbio, yakizoa kila kitu njiani. Kila nyumba mpya na kila ua uliotiwa saruji huongeza mzigo kwa mtaro uleule wa zamani. Kwa hivyo mtaro ambao ulitosha mji wa babu zetu si lazima ututoshe sisi.

Kazi ni ya nani?

Zamani Nyeri ilikuwa na Baraza la Manispaa, lenye meya na madiwani. Mabaraza hayo yalikoma baada ya uchaguzi wa Machi 2013, serikali za kaunti zilipoanza kazi, ingawa mpaka leo watu huendelea kusema "kanjo". Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inaeleza waziwazi kazi za kaunti. Miongoni mwazo ni barabara za kaunti, uzoaji wa takataka, uzimaji wa moto na kukabiliana na maafa, na kupitisha maji ya mvua katika sehemu zilizojengwa. Hivyo basi mtaro wa mtaani ni wa kaunti. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 nayo inaruhusu manispaa kuwa na bodi na meneja wake chini ya kaunti.

Hata hivyo, si kila mtaro ni wa kaunti. Barabara kuu za kitaifa ziko chini ya Halmashauri ya KeNHA, na zipo nyingine chini ya KURA na KeRRA. Mtaro wa barabara kuu ukiziba, maji humwagika hadi kwenye barabara ya kaunti. Maji hayajui mpaka wa ofisi, lakini barua ya malalamiko inaujua. Ukiiandika kwa ofisi isiyohusika, itarudi au italala. Jambo la kwanza basi ni kuuliza: barabara hii ni ya nani?

Kalenda ya mvua na kalenda ya fedha

Hapa ndipo nilipojifunza jambo lililonishangaza zaidi. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza tarehe 1 Julai. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, waraka wa mkakati wa fedha hufika katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Sasa tazama wenzangu: sisi hulalamika lini? Aprili, maji yakiwa magotini. Wakati huo vipaumbele vimekwisha kuandikwa. Mwezi wa Januari, mikutano ya wananchi inapoitishwa, jua linawaka, mtaro ni mkavu, na hakuna anayeukumbuka.

Aidha, mtaro uliojaa maji hauzibuliki vizuri. Mfanyakazi haoni chini, tope ni zito, na hatari ni kubwa. Kazi ya masika ni ya Januari na Februari, na kazi ya vuli ni ya Agosti na Septemba. Mvua ikishaanza, kinachobaki ni kuokoa watu na mali.

Na kuziba kwa njia ya maji si mchezo. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, siku ileile ambayo shule zingefunguliwa, maji yalishuka kwa kishindo hadi Mai Mahiu, kaunti ya Nakuru, yakaua watu zaidi ya 50. Serikali ilieleza kwamba njia ya maji chini ya tuta la reli ilikuwa imeziba kwa takataka za mafuriko, maji yakajikusanya nyuma yake mpaka tuta likashindwa. Nilipoisoma habari hiyo nililikumbuka gunia langu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na usipozibua kalvati je?

Maji yetu kwa jirani

Tukumbuke pia kwamba maji hayaishii mjini petu. Chania, Gura na Sagana zote humimina maji katika mto Tana, ambao hupita mabwawa ya Masinga na Kiambere, ukafika Garissa na hatimaye Bahari ya Hindi. Masika ya 2024 bwawa la Masinga lilijaa likafurika, na watu wa Garissa na Tana River wakahama makwao. Chupa unayoitupa leo Karatina yaweza kesho kuwa mbele ya mlango wa mtu usiyemjua. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, na hilo limesaidia. Lakini chupa bado zipo, na magunzi hayajapigwa marufuku.

Tufanye nini?

Kwanza, tusitupe taka mtaroni, hasa wakati wa kiangazi. Pili, tumjue mwakilishi wa wadi yetu na tuhudhurie mikutano ya bajeti, hata sisi vijana tukae nyuma tusikilize. Tatu, tukusanye maji ya paa kwa matangi, kwani lita inayoingia katika tangi haifiki mtaroni. Wanachama wa Chama chetu cha Kiswahili tumekwisha kuanza: Jumamosi moja ya Januari tulizibua mtaro wa lango la shule hadi barabarani. Watu waliopita walituuliza kama tumeadhibiwa.

Na serikali? Nayo tuidai bila kuchoka, kwani ushuru tunalipa. Ila tuidai mapema, kwa barua inayotaja barabara na tarehe, na mikono yetu ikiwa safi. Mimi siku ile sikuwa na mikono safi. Maharagwe tuliyoanika yaliuzwa kwa bei ya kutupa, na karo ya muhula ule ililipwa kwa awamu tatu. Mama hajawahi kuniuliza habari za gunia lile. Lakini kila ninapokwenda jalalani huniangalia mpaka nirudi.