The Byrds' Greatest Hits: soma majina yaliyo kwenye mabano

Leo Bongo Flava naiweka pembeni kidogo. Kuna albamu ya wazee wa Marekani nataka tuichambue, The Byrds' Greatest Hits, iliyotoka Agosti 1967. Najua kuna mtu hapo kwenye kompyuta ya pembeni ameshaanza kucheka, "huyu naye kazeeka lini?" Subiri kidogo, bana.

Sababu yangu ni hii. Kaka yangu aliwahi kurekodi wimbo mmoja, ukapigwa mpaka kwenye daladala. Msambazaji mmoja akaja, akampa bahasha, akamsainisha. Baadaye wimbo ukawekwa kwenye CD ya mkusanyiko, ikauzwa mpaka mikoani, na kaka hakuona hata mia. Alipouliza akaambiwa, "Si ulishalipwa?" Tangu siku hiyo nikishika CD ya vibao bora, kabla ya kusikiliza nasoma kwanza yale majina madogo kwenye mabano chini ya kila wimbo.

The Byrds walikuwa vijana watano wa Los Angeles. Walichukua nyimbo za kiasili, zile za mtu mmoja na gitaa kavu, wakazitia gitaa la umeme la nyuzi 12 na ngoma. Ndiyo foki-roki hiyo. Albamu ina nyimbo 11 zilizopangwa kwa mfuatano wa miaka, kuanzia 1965 mpaka 1967 (ukiikuta yenye nyimbo 14 hilo ni toleo la 1999, wameongeza tatu). Marekani ilipanda mpaka namba 6.

Sasa hesabu majina. Nyimbo nne ni za Bob Dylan, ikiwemo Mr. Tambourine Man iliyoshika namba moja Marekani na Uingereza mwaka 1965. Mbili zimetoka kwa Pete Seeger. Mojawapo, Turn! Turn! Turn!, maneno yake karibu yote ni Mhubiri sura ya 3, ile ya majira na wakati, kwa hiyo hata bibi yako anaijua bila kujua kama anaijua. Zinazobaki tano ndizo walizotunga wao wenyewe.

Kwa nini hilo ni ishu? Kwa sababu wimbo mmoja una pesa za aina mbili. Kuna ya mtunzi: kila nakala ikiuzwa, mwenye wimbo ana fungu lake, hata kama hakukanyaga studio. Halafu kuna ya mwimbaji, na hapa ndipo penye noma. Kampuni inampa malipo ya awali, halafu inayakata kwenye mrabaha wake, mara nyingi pamoja na gharama za kurekodi. Mpaka deni liishe yeye hapati kitu. Na wengi deni haliishi. Albamu ya vibao bora yenyewe haihitaji kurekodi upya, nyimbo zipo tayari. Kwa kampuni hiyo ni biashara tamu sana.

Usidhani natunga. Julai 2000 kiongozi wao, Roger McGuinn, alikaa mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani, wakati wa ule ugomvi wa muziki wa intaneti, akaeleza kwamba kwa albamu nyingi za The Byrds alichowahi kupata ni yale malipo ya awali tu. Huyo ndiye sauti na gitaa la Mr. Tambourine Man! Tena kwenye wimbo ule ni yeye peke yake katika kundi aliyepiga chombo, vingine vilipigwa na wanamuziki wa kukodi wa studio.

Mabano hayo hayo yaliwagombanisha pia. Gene Clark alitunga nyingi mwanzoni, mshiko wake ukazidi wa wenzake, wenzake wakanuna. Mapema 1966 akajitoa (kuogopa ndege nako kulichangia). David Crosby alifukuzwa Oktoba 1967, miezi miwili tu baada ya albamu hii kutoka.

Kabla sijasahau: kwenye So You Want to Be a Rock 'n' Roll Star sikiliza tarumbeta. Ni Hugh Masekela yule yule wa Afrika Kusini! Wimbo wenyewe unawakejeli vijana wanaokimbilia ustaa. Nimemsikilizisha kaka, akacheka kidogo halafu akanyamaza.

Yeye wimbo wake aliutunga mwenyewe. Kwa hiyo nimemwambia aitafute ile karatasi, tuone kama alisaini uimbaji tu au na utunzi pia, halafu twende nayo COSOTA. Anasema iko kwa mama, Tanga, kwenye sanduku la nguo. Ikipatikana nitawajuza.