Riziki ya Mchezaji Raga

Hadi Agosti 1995, wakuu wa mchezo wa raga duniani walipokutana Paris na kuondoa marufuku ya malipo, mchezaji wa raga ya watu kumi na watano alihesabiwa kuwa mtu wa kazi nyingine, achezaye kwa mahaba tu. Na tangu hapo mchezo ukawa ajira yenye mkataba na mshahara, lakini ajira ya muda mfupi, kwa kuwa mwili unaogongwa kila juma haustahimili hadi uzeeni.

Kwetu Afrika Mashariki, sifa ya raga imepaa zaidi kwa timu ya Kenya ya wachezaji saba, Shujaa, na ndani yake kwa Collins Injera wa klabu ya Mwamba ya Nairobi. Raga hii kwa kawaida huchezwa dakika saba kila kipindi, juu ya uwanja uleule wa watu kumi na watano, hata apataye mwanya hana budi kukimbia peke yake, pumzi zikimpaa, mpaka augusishe mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, ndiyo trai, alama tano. Katika msururu wa dunia wa raga hii, msimu wa 2008-09, Injera alifunga trai 42, akawapita walimwengu wote. Mei 2016, mjini London, aliivunja rekodi ya trai 230 ya Santiago Gómez Cora wa Argentina. Na alipotundika daluga alikuwa amefikisha 279. Mwezi mmoja kabla ya rekodi hiyo, chini ya marehemu kocha Benjamin Ayimba, Kenya ilikuwa imeilaza Fiji 30 kwa 7 katika fainali ya Singapore, Fiji hiyohiyo iliyotwaa dhahabu ya Olimpiki Agosti iliyofuata.

Lakini fahari haikuleta mshahara wa yakini: mwaka 2018, huko Paris, wachezaji wa Kenya walilifunika jina la mdhamini kwenye jezi zao wakidai malipo yao, nami nasadiki kwamba dai lao lilikuwa la haki, maana atoaye ujana wake kwa bendera astahili ujira kwa wakati wake. Kwa sababu hiyo namstahi mno kakake Injera, Humphrey Kayange, aliyekuwa nahodha wa timu hiyo, ambaye hakuiacha elimu yake ya kemia alipokuwa akicheza, na mwaka 2021 akachaguliwa mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki.