Sura ya Saba: Barua za Vyama vya Wasomi, na Njia ya Kitale na Bungoma

Chama cha wasomi ni kundi la watu walioungana kwa hiari ili kuchunguza tawi moja la maarifa, wakachagua viongozi, wakakubaliana ada, wakawa wanakutana kila baada ya muda na kutoa jarida. Na kwa kuwa wanachama huishi mbalimbali, wengine mijini na wengine mashambani, sehemu kubwa ya kazi ya vyama hivyo imefanyika kwa karne nyingi kwa njia ya barua. Barua hizo, pamoja na nakala za majibu yake, orodha za wanachama, kumbukumbu za mikutano na hati za fedha, ndizo nyaraka za chama, na zinapotunzwa kwa utaratibu ili vizazi vijavyo vizisome huwa zimeingia katika makavazi. Jarida humpa msomaji yale ambayo chama kiliamua kuyachapisha, ilhali barua humpa safari yote iliyotangulia uamuzi huo, yaani shaka, ubishi, makosa yaliyosahihishwa, gharama, na mara nyingine majina ya watu ambao jarida halikuwataja kabisa. Kwa hiyo anayetaka kujua jinsi maarifa kuhusu Mlima Elgon na nchi inayouzunguka, kuanzia Kitale hadi Bungoma magharibi mwa Kenya, yalivyopatikana na kufika vitabuni, hana budi kuzitafuta barua.

Desturi yenyewe ni kongwe. Royal Society ya London, iliyoanzishwa mwaka 1660, ilimtegemea katibu wake, Henry Oldenburg, aliyeandikiana na wataalamu wa nchi nyingi za Ulaya, na jarida la Philosophical Transactions alilolianzisha mwaka 1665 lilijazwa kwa kiasi kikubwa na habari zilizomfikia kwa barua. Mwaka 1667, Uingereza ikiwa vitani na Uholanzi, barua hizo hizo zilimtia mashakani akafungwa katika Mnara wa London. Hasara ya kutotunza barua nayo inajulikana: mapema mwaka 1858 Alfred Russel Wallace, akiwa katika visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki, alimpelekea Charles Darwin barua na insha kuhusu jinsi spishi zinavyobadilika, na insha ikasomwa mbele ya Linnean Society tarehe 1 Julai mwaka huo pamoja na maandishi ya Darwin mwenyewe, lakini barua iliyoambatana nayo haijapatikana, na wanahistoria wamebishana kwa miongo mingi juu ya siku iliyotumwa na siku iliyopokewa, jambo ambalo karatasi moja na bahasha yenye muhuri wa posta zingelimaliza.

Katika Afrika Mashariki mfano ulio karibu zaidi ni chama cha historia asilia, yaani elimu ya wanyama, mimea na miamba kama vinavyopatikana katika mazingira yake, kilichoundwa mwaka 1909 kwa ajili ya Afrika Mashariki na Uganda na ambacho leo hujulikana kwa jina la Nature Kenya. Miongoni mwa waasisi wake walikuwamo maofisa wa utawala wa kikoloni kama Frederick Jackson na Charles Hobley, na wamisionari kama Harry Leakey wa Kabete. Toleo la kwanza la jarida lake lilitoka mwaka 1910, na mkusanyo wa vielelezo uliohifadhiwa na chama mjini Nairobi ndio uliokua hadi kuwa jumba la makumbusho la Coryndon, lililofunguliwa mwaka 1930, ambalo baada ya uhuru likawa Makumbusho ya Taifa. Hadi leo chama na makumbusho vinatumia maktaba moja, na ushirika huo una manufaa makubwa kwa mtafiti, kwa sababu karatasi na vitu vinavyozungumziwa katika karatasi hizo havikutenganishwa mbali.

Uhusiano wa chama hicho na magharibi mwa Kenya ulianza kabla chama chenyewe hakijazaliwa. Mwaka 1890 Jackson, akiwa kiongozi wa msafara wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, alipanda Mlima Elgon, na ndege aliowakusanya katika safari hiyo walipelekwa London, ambako Richard Bowdler Sharpe aliwaeleza katika jarida la Ibis, linalotolewa na chama cha Waingereza cha wataalamu wa ndege. Mwaka 1896 George Boulenger, naye akiwa London, alimpa kinyonga mwenye pembe tatu wa nyanda za juu jina la kisayansi jacksonii. Hapa yafaa kueleza maana ya kielelezo cha msingi: ni mnyama au mmea mmoja hasa ambao mtaalamu aliutumia alipoitangaza spishi mpya, na ambao hubaki kuwa kipimo cha jina hilo daima, hivi kwamba kila ubishi unaozuka baadaye hurudishwa kwake. Kibandiko chake kikisema neno moja tu, kama “Elgon”, mtafiti hawezi kujua kama kilipatikana kwenye msitu wa mianzi, kwenye nyasi za juu au kwenye mashamba ya chini, na tumaini lake linabaki katika barua ya mkusanyaji, ikiwa ipo.

Kitale ilipata mkusanyaji wake baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Hugh Stoneham, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyestaafu na kuishi Trans Nzoia, nchi inayouzunguka mji wa Kitale, alianzisha mwaka 1926 makumbusho yake binafsi na kituo cha utafiti, mwaka ule ule ambao reli ilifika Kitale. Alikusanya vipepeo na wadudu wengine, ndege, mimea na vitabu, na akatoa jarida dogo la makumbusho yake ambamo alitangaza majina mapya ya vipepeo, kiasi kwamba katika orodha za wataalamu hadi leo jina lake huandikwa baada ya baadhi ya majina ya kisayansi, pamoja na mwaka, kama ilivyo kanuni kwa kila mtu anayetangaza jina jipya. Alipofariki mwaka 1966 aliliachia taifa mkusanyo wake pamoja na fedha za ujenzi, na mwezi Desemba 1974 yakafunguliwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya Magharibi mjini Kitale, makumbusho ya kwanza ya mkoani katika bara la Kenya. Mtu aliyeishi mamia ya kilomita kutoka Nairobi, na maelfu kutoka London, hakuwa na namna nyingine ya kulinganisha vipepeo wake na wa wenzake isipokuwa posta.

Inafaa kuitazama kwa karibu barua ya kawaida iliyosindikiza vielelezo katika miaka hiyo. Kipepeo hakutumwa akiwa amechomwa pini, kwa maana mabawa yangevunjika njiani. Alikunjwa mabawa na kutiwa ndani ya karatasi iliyokunjwa pembetatu, ambayo juu yake paliandikwa mahali, tarehe na jina la mkusanyaji, kisha pembetatu nyingi zikapangwa ndani ya kopo la bati pamoja na dawa ya kuzuia sisimizi na kuvu. Barua iliyoambatana ilikuwa na namba za pembetatu hizo, na kando ya kila namba maelezo mafupi: alinaswa kando ya mto, saa za asubuhi, karibu na mti fulani, jike akitaga mayai. Katibu alipoipokea aliipiga muhuri wa tarehe, akaitia katika masjala, yaani ofisi inayoandikisha na kufuatilia barua zote zinazoingia na kutoka, akajibu kwa taipu, na nakala ya jibu iliyotoka chini ya karatasi ya kaboni ikafungwa nyuma ya barua ya kwanza. Barua na jibu lake zikikaa pamoja, msomaji wa leo huona swali lilivyoulizwa na lilivyojibiwa. Zikitenganishwa hubaki nusu ya mazungumzo.

Maelezo hayo ya kando yana uzito kuliko yanavyoonekana. Misitu mingi iliyotajwa katika kumbukumbu za zamani imekatwa na mabwawa yamekaushwa yakawa mashamba ya mahindi, na mtaalamu anayetaka kujua ni spishi zipi zilizotoweka Trans Nzoia hutegemea tarehe na mahali vilivyoandikwa na watu ambao hawakujua kwamba wanaacha ushahidi wa aina hiyo. Zaidi ya hayo, ni katika barua, kuliko mahali pengine popote, ndimo mtafiti anamoweza kukuta habari za wale waliofanya kazi kwa mikono yao: wapagazi waliobeba mizigo, vijana waliolipwa kukimbiza vipepeo, wazee waliojua majina ya miti na msimu wa kuchanua kwake. Jarida lilimtaja mwenye mkusanyo. Daftari la malipo liliweza kumtaja aliyelipwa. Kuwarudisha watu hao katika historia ya sayansi ni wajibu, kwa kuwa maarifa yao ndiyo yaliyowaongoza wageni msituni.

Upande wa Bungoma suala la nyaraka hizo lina uchungu wake. Hobley, aliyekuja kuwa mmoja wa waasisi wa chama cha 1909, ndiye aliyefika Mumias mwaka 1895 kuanzisha utawala wa Waingereza, na katika mwaka huo huo Wabukusu, wenyeji wa Bungoma, walishambuliwa katika ngome zao za Lumboka na Chetambe, watu wengi wakauawa na mifugo ikatwaliwa. Mtu mmoja aliweza basi kuandika taarifa ya kijeshi kwa wakubwa wake na maelezo ya mila au ya wanyama kwa wasomi wenzake, na karatasi hizo mbili zikahifadhiwa katika majengo mawili tofauti, hivi kwamba anayesoma upande mmoja tu hudhani amekutana na mtawala pekee au na mwanasayansi pekee. Vivyo hivyo Günter Wagner, mwanaanthropolojia Mjerumani aliyefanya utafiti miongoni mwa Wabukusu na Wamaragoli katika miaka ya 1930, aliungwa mkono na taasisi ya kimataifa ya lugha na tamaduni za Afrika iliyoanzishwa London mwaka 1926. Buku la kwanza la kitabu chake lilitoka mwaka 1949 na la pili mwaka 1956, miaka kadhaa baada ya kifo chake, na nyaraka za taasisi hiyo zimo katika maktaba ya London School of Economics. Mwanafunzi wa Bungoma anayetaka kusoma habari za nyumbani kwao hulazimika kuomba nakala kutoka ng'ambo.

Mkusanyo ulio tofauti na mikusanyo hiyo yote ni ule wa Gideon Were, mwanahistoria aliyechapisha mwaka 1967 historia ya Abaluyia, na pamoja nayo kitabu cha masimulizi aliyoyachukua kwa wazee wa magharibi mwa Kenya, kila mzungumzaji akitajwa kwa jina na ukoo wake. Huo ni mwenendo bora kuliko wa wakusanyaji waliomtangulia.

Wataalamu wa makavazi hufuata kanuni mbili zinazoonekana rahisi na ambazo huvunjwa kila siku. Ya kwanza ni ya chimbuko, inayotaka karatasi za mtu au chama kimoja zisichanganywe na za mwingine hata kama zinazungumzia jambo lile lile. Ya pili ni ya mpangilio wa awali, inayotaka karatasi ziachwe katika utaratibu aliouweka mwenye nazo, kwa sababu utaratibu huo wenyewe ni habari: barua iliyokutwa ndani ya faili la fedha huenda ilihusu deni, na ikihamishiwa kwenye faili la “vipepeo” kwa nia njema, maana hiyo hupotea. Baada ya hapo huja adui wa kila siku, nao ni mchwa, unyevu wa msimu mrefu wa mvua, pini na klipu zinazoshika kutu na kutoboa karatasi, na karatasi duni yenye asidi inayogeuka manjano na kuvunjika ikiguswa. Kuondoa klipu za chuma, kuweka faili juu ya rafu na si sakafuni, na kuziweka mbali na jua, ni hatua ambazo hazihitaji fedha nyingi.

Karatasi huweza pia kuondoka nchini kwa amri. Mwaka 2011, wakati wa kesi ya wazee wa Mau Mau dhidi ya serikali ya Uingereza, ilifahamika kwamba takriban mafaili 1,500 yaliyotolewa Kenya wakati wa uhuru yalikuwa yamefichwa nchini Uingereza kwa karibu nusu karne, na hatimaye yakawa katika ghala la serikali la Hanslope Park. Yaliyobaki katika kabati za vyama, shule, makanisa na vyama vya ushirika vya Kitale na Bungoma yana thamani kubwa zaidi kwa sababu hiyo. Basi aliyerithi sanduku la barua za mzazi aliyekuwa katibu wa chama chochote asiyachome makaratasi hayo, asiyauze kwa wafungaji wa karanga, wala asiyapange upya. Ayaache yalivyo, aandike mbele yake jina la mwenye nayo na mahali yalipokutwa, kisha ayapeleke kwenye Makumbusho ya Kitale au kwa maofisa wa Makavazi ya Kitaifa.